Doja, bimini au kufunga kokipiti yote? Yoti ya futi 38 inayokaa Kilifi

MlinziWaMnarani (Kilifi)

Assalaam aleikum wakuu. Nasimamia yoti ya fibaglasi ya futi 38 iliyo kwenye boya hapa Kilifi. Mlingoti mmoja, kokipiti, yaani shimo la kukaa na kuendeshea, iko nyuma, usukani wa gurudumu. Mwenyewe ni Mdenmaki, huja mara moja moja, na sasa anataka kuiondoa. Njia yake ni Kilifi, Tanga, Unguja, Mafia, kisha Mayotte na Nosy Be karibu na Madagaska, ashuke Mlango wa Msumbiji hadi Richards Bay, Afrika Kusini, na kumalizia Cape Town.

Kinga ya kokipiti imekwisha. Doja, ile hema fupi inayofunika mlango wa kushukia chumbani na kuzuia rasharasha kutoka mbele, plastiki yake ya kuonea imekuwa ya manjano na haionyeshi kitu. Bimini, yaani paa la kitambaa juu ya mtu wa usukani, ukilivuta kidogo linaachia mshononi. Mabomba ya stenlesi bado mazima ila yana madoa ya kutu.

Ameniambia nimpelekee pendekezo. Moyo wake uko kwenye kufunga kokipiti nzima: doja, bimini, na mapazia ya plastiki ya kuonea kuzunguka pande zote mpaka nyuma. Marafiki zake huko kwao wanazo. Mimi naona Kilifi ataivia humo ndani, lakini "naona" si hoja ya kumwandikia mtu anayelipa. Nisaidieni.

Nahodha_Mstaafu (Lamu)

Waleikum salaam mwanangu. Kabla ya kitambaa, jiulize boti hiyo inalala nangani mara ngapi kwa kila siku moja ya safari, na upepo wa safari yake utatoka upande gani.

Watu wa yoti huzungumzia kinga kana kwamba saa zote wanapigwa na mawimbi. Sivyo. Yoti ya matembezi muda wake mwingi iko nangani au kwenye boya, watu wanapika, wanalala mchana, wanangoja pepo. Pwani yetu adui wa kwanza ni jua, wa pili ni mvua ukiwa nangani, na rasharasha ni wa tatu. Huko kaskazini ya Ulaya mambo ni kinyume, ndiyo maana Mdenmaki wako anawaza plastiki.

Kwenye majahazi tulikaa tezini, nyuma ya chombo, chini ya kitambaa kilichotandikwa juu ya mti, pande zote wazi. Upepo ukizidi unakikunja mara moja, hakuna zipu wala kioo. Na mtu wa usukani alitaka kuliona tanga na kuusikia upepo shingoni. Msilicheke hilo. Mtu aliyefungiwa nyuma ya plastiki hajui upepo umegeuka mpaka tanga lipige.

FundiTurubai (Mtwapa)

Mzee kasema kweli, ingawa zipu ndizo zinazonilisha.

Nianze na kitambaa kwa kuwa ndicho watu huuliza kwanza, japo si ndicho kinachoharibika kwanza. Kuna akriliki ambayo rangi yake imo ndani ya nyuzi tangu kiwandani, kabla haijafumwa. Sunbrella ndiyo inayojulikana zaidi. Uzito wake ni gramu 300 na kidogo kwa mita ya mraba. Inapumua, na rangi yake inastahimili jua letu kwa miaka. Lakini haizuii maji yote: mvua ya masika ikipiga kwa muda, pale kichwa kinapogusa patavuja, na kila baada ya miaka kadhaa lazima uipake tena dawa ya kuzuia maji. Upande wa pili kuna poliesta iliyopakwa PVC, kama Stamoid. Hiyo haipitishi tone, ila haipumui, na chini yake unapata joto na ukungu. Kwa bimini ya huku mimi nashona akriliki bila kufikiri mara mbili. Kwa doja nashona akriliki pia, isipokuwa mteja anavuka bahari kubwa na hataki kusikia habari ya kuvuja.

Kinachokufa kwanza ni uzi wa kushonea. Poliesta ya kawaida, hata ile nene ya matanga, jua la ikweta huila miaka mingi kabla kitambaa chenyewe hakijachoka. Mlinzi, umesema bimini linaachia mshononi. Sasa nenda kavute kitambaa mbali na mshono, kwa mikono miwili, kwa nguvu. Kama hakichaniki, bimini halijafa. Limekufa uzi tu, na kazi yake ni kufumua na kushona upya. Kwenye mishono iliyobaki kwaruza kwa ukucha: uzi ukitoka unga au nyuzi zikikatika, ushone wote, usishone kipande.

Uko uzi wa PTFE (ile plastiki ya Tefloni), kama Tenara, ambao jua na chumvi haviuwezi. Bei yake ni mara kadhaa ya poliesta, na unateleza, lazima cherehani irekebishwe mkazo upya, kwa hiyo mafundi wengine huukataa. Ukikukataa fundi, tafuta fundi mwingine. Gharama ya uzi ni ndogo mno ukiilinganisha na kulipa mtu kufumua na kushona bimini nzima upya.

Plastiki ya kuonea nitakuja nayo baadaye, nina boti inangoja.

JuaKali_254 (Mombasa)

Kwani turubai la lori lina ubaya gani? Kwa ile bei ya Sunbrella unapata turubai la PVC la kufunika yoti tatu, na Mombasa limejaa madukani, hungoji meli.

FundiTurubai (Mtwapa)

Halina ubaya kwenye lori, kaka. Uzito wake ni maradufu ya akriliki, kwenye fremu nyembamba za bimini linavuta mabomba kila boti inapolala upande. Linaoka walio chini yake. Likikunjwa na kukunjuliwa linapasuka kwenye mikunjo, na ukungu mweusi unaoingia kati ya tabaka hautoki kwa sabuni yoyote.

Lakini usinielewe vibaya. Kwa chandarua cha nangani, kipande cha mstatili unachotandaza juu ya mti wa tanga, ule uliolala chini ya tanga kuu, kutoka mlingotini hadi kamba ya nyuma, na mianzi miwili ya kukipanua, turubai jepesi la dukani linafaa sana. Ni kinga rahisi kuliko zote na inafunika boti nzima, chumba cha chini kinapoa pia. Upepo ukianza kuzidi unalishusha. Watu wengi wa yoti wanaokuja hapa na bimini za bei mbaya hawana chandarua, halafu wanashangaa kwa nini kitandani mchana hakulaliki.

Bint_Muscat (Muscat)

Salaam kutoka Muscat. Mimi na mume wangu tuna boti ndogo ya tanga hapa, na kuhusu joto naomba mnisikilize kidogo.

Kwanza, plastiki laini ya kuonea na bomba la stenlesi lililopigwa na jua havikai pamoja. Pale plastiki inapogusa bomba inaungua, inabaki na alama ya kahawia ambayo haifutiki. Kila mahali inapopita juu ya fremu fundi aweke kipande cha kitambaa katikati. Pili, joto likipita nyuzi 40 plastiki inalegea, ukiikunja siku hiyo mikunjo inabaki milele. Inaviringishwa, tena na shuka safi katikati, haikunjwi. Mafuta ya kujikinga na jua na dawa ya mbu ndiyo sumu yake kubwa. Alama ya mkono wa mtoto aliyepakwa mafuta hubaki pale pale kwa maisha ya dirisha.

Kuhusu rangi, watu husema nyeupe ni baridi. Ni kweli kwa juu. Lakini kitambaa cheupe chembamba hupitisha mwanga, na ukikaa chini yake kutwa macho yanauma. Tulichoka na nyeupe tukaweka kijivu cha wastani. Joto halikuongezeka kiasi cha kulalamika, kwa sababu pande ziko wazi na upepo unapita.

Na bimini peke yake halitoshi baada ya saa tisa alasiri. Jua likishuka linaingia kwa pembeni, paa halina kazi tena. Hapo tunatundika mapazia ya wavu, ule wavu mzito wa poliesta uliopakwa PVC. Unazuia jua karibu lote, unapitisha upepo, na ukiwa ndani unaona nje. Mwambie Mdenmaki, kabla ya plastiki aweke wavu. Tena wavu unampa sitara bandarini, hilo halisemwi lakini ni kubwa.

MlinziWaMnarani (Kilifi)

Fundi, nimelivuta kitambaa kama ulivyosema. Hakijachanika. Nimekwaruza uzi kwa ukucha, umetoka kama unga. Kwa hiyo bimini limepona, alhamdulillahi. Doja ndiyo imekwisha kabisa, kitambaa na plastiki. Bint Muscat, shukran sana, la wavu sikuwa nimelifikiria.

Mpemba_Rotterdam (Uholanzi)

Naona mmemkalia kooni huyo Mdenmaki, nimtetee kidogo.

Huku Bahari ya Kaskazini mwezi wa sita mtu anaweza kukaa zamu ya usiku na glavu. Doja ndiyo kitu cha kwanza kwa kila boti, bimini utazihesabu. Hallberg-Rassy, Waswidi wa Ellös, wanajenga kabisa kioo kigumu mbele ya kokipiti na kitambaa kinaunganishwa juu yake. Amel za Ufaransa zina paa gumu juu ya kokipiti, na hizo ni boti za kuzunguka dunia. Wote hao waligundua kwamba mtu mkavu na mwenye joto anafanya uamuzi mzuri zaidi saa tisa usiku kuliko mtu aliyelowa.

Na tazameni njia yake vizuri. Hakai Kilifi. Anaishia Cape Town. Kutoka Richards Bay kwenda chini anaanza kukutana na pepo za kusini-magharibi zinazokuja ghafla, dhidi ya mkondo wa Agulhas, na bahari pale husimama wima. Cape Town yenyewe maji huweza kuwa nyuzi 12 katikati ya kiangazi. Huko atayataka mapazia yake.

Nadhani kosa si kuyataka, kosa ni kuyashona yote sasa kwa mpigo mmoja. Fundi mzuri hushona nusu ya zipu kwenye ukingo wa doja na kwenye ukingo wa bimini tangu mwanzo, na nusu hiyo anaifunika kwa ulimi wa kitambaa ili jua lisiile. Leo unatumia doja na bimini wazi. Kesho unaongeza kipande cha kuunganisha doja na bimini. Ukifika kusini unaagiza mapazia ya pembeni yenye nusu ya pili ya zipu. Zipu ziwe za meno ya plastiki, namba 10, za chuma chumvi huzila zikakwama.

Na jambo moja zito, kwa yeyote anayefunga kokipiti. Ukiendesha kwa injini upepo ukiwa nyuma, na umefungua nyuma tu au mbele tu, moshi wa injini unavutwa kuingia ndani ya hema. Hewa ya sumu ya moshi huo, kaboni monoksaidi, haina harufu. Mtu anasinzia kwenye usukani na hajui kwa nini. Ukifunga, fungua mbele na nyuma pamoja, na weka king'ora cha hewa hiyo chumbani.

Nahodha_Mstaafu (Lamu)

Mpemba umeongea, na hilo la moshi nakuunga mkono kwa mikono miwili. Ila kwenye hilo la zamu ya usiku nitakubishia. Joto halitoki kwenye plastiki peke yake, latoka kwenye koti pia, na koti halishiki upepo wa boti.

RaskazoneTanga (Tanga)

Wakuu naona tumezama kwenye jua na baridi, tumesahau kipande kigumu cha safari: Kilifi kwenda Tanga wakati wa kusi.

Akitoka hapo mwezi wa Juni au Julai, upepo uko usoni, na mkondo wa pwani unapanda kaskazini, sehemu nyingine hufika noti (maili za baharini kwa saa) 3 hata 4. Atakuwa anabisha, yaani anakwenda mshazari dhidi ya upepo, muda wote, boti imelala upande, na kila wimbi la tatu linakuja zima juu ya sitaha. Kati ya Shimoni na Pemba bahari ni fupi na ina ncha. Hapo ndipo doja inapoleta thamani yake. Si kwa sababu ya kulowa tu, bali mlango wa chumbani unaweza kubaki wazi na hewa ikapita chini. Boti isiyo na doja inafunga mlango, na walio chini wanatapika.

Anaweza kushuka mapema na kaskazi, Februari mpaka mwanzo wa Machi, upepo nyuma, akangoja masika hapa Tanga au Msasani. Wengi hufanya hivyo. Kutoka Mafia kwenda Mayotte bado kusi atakula, hilo halikwepeki, kwa sababu kungoja kaskazi irudi ni kuingia Madagaska majira ya vimbunga.

Sasa umbo la doja. Watu wanashona doja nzuri kwa picha na mbaya kwa kazi. Mtu wa usukani akisimama, macho yake ama yapite wazi juu ya ukingo wa doja, ama yapite katikati ya dirisha. Ukingo wenyewe ukikaa sawa na macho, atainama na kunyanyuka kutwa nzima kama kuku anayekunywa maji. Pili, angalia winchi, zile roda za kuvutia kamba, za juu ya paa la chumba. Mkono wa winchi wa kawaida ni sentimita 25, uzungushe duara zima kabla fremu haijafungwa. Nimeona doja mpya kabisa ambapo mkono unagonga bomba nusu ya mzunguko. Tatu, mti wa tanga. Vuta demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, ya tanga kuu mpaka mwisho, kisha legeza kamba ya kunyanyua ncha ya mti, uone unashuka mpaka wapi juu ya bimini. Pale pale ndipo utakapopiga siku tanga likipunguzwa vibaya.

Na bomba la nyuma la doja liwe na mshikio imara, uliofungwa kwa boliti za kupita na bamba chini yake. Kila anayetoka chumbani kwenye mawimbi atalikamata, utake usitake.

MhandisiKigamboni (Dar es Salaam)

Naomba niweke hesabu kidogo. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa mwendo: upepo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Kwa kitambaa kilichosimama wima, noti 15 ni kilo 4 na kidogo kwa kila mita ya mraba. Noti 30 ni kama kilo 17. Noti 50 inakaribia kilo 48.

Kokipiti iliyofungwa kabisa kwenye boti ya futi 38 inaweza kuwa na mita 6 za mraba kwa ubavu. Kwa noti 30 hiyo ni zaidi ya kilo 100 zinazosukuma boti upande na kuizungusha kwenye nanga, kwa sababu ziko nyuma. Kwa noti 50 ni karibu kilo 300 kwenye mabomba ya milimita 25. Hayo mabomba hayatahimili, na yakikatika yanakuwa mikuki.

Kwa hiyo swali langu kwa kila kinga ni moja: mtu mmoja, usiku, akiwa amechoka, anaivua kwa muda gani? Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024 tulikuwa na siku kadhaa za tahadhari, na bado asubuhi ile kulikuwa na boti zenye bimini zimetandazwa. Huku kwetu vimbunga ni nadra, watu wamezoea. Lakini Nosy Be na Mayotte si Msasani.

MlinziWaMnarani (Kilifi)

Mhandisi, hizo kilo nitamtumia kama zilivyo. Mdenmaki anaheshimu namba kuliko maneno yangu.

Amenijibu leo. Anakubali kuachia mapazia kwa sasa, ila ameleta jambo jipya: kwa kuwa doja imekufa, kwa nini asitengeneze doja ngumu ya fibaglasi? Anasema anaweza kusimama juu yake kufunga tanga, na sola zinakaa hapo. Hapa Kilifi mafundi wa fibaglasi wapo. Mnasemaje?

FundiTurubai (Mtwapa)

Nina maslahi kwenye swali hili, kwa hiyo mnichukulie hivyo. Doja ngumu ni nzuri sana ikichorwa vizuri. Plaiwudi nyembamba ya baharini katikati au povu, fibaglasi na epoksi pande zote mbili, madirisha ya polikaboneti au kioo cha usalama. Haipigi makofi kwenye upepo, haivuji, inakaa miaka na miaka.

Ila haikunjwi. Ikishakaa imekaa. Ukiwa nangani Kilifi usiku wa Februari, hakuna upepo, doja ya kitambaa unafungua dirisha la mbele kwa zipu na hewa inaingia mpaka kitandani. Doja ngumu lazima iwe na dirisha la kufunguka mbele, na hilo ndilo mafundi wengi huliacha kwa sababu ni kazi na linavuja. Bila dirisha hilo umejenga tanuri.

Nahodha_Mstaafu (Lamu)

Mimi hapa nampinga fundi, tena kwa mara ya kwanza tangu mada ianze. Kama mtu anakwenda Cape Town, doja ngumu ndiyo. Wimbi likivunjikia juu ya chumba, kitambaa na plastiki ya milimita moja si kitu. Kuna watu wamebaki na mabomba matupu. Bimini likiwa la kitambaa sawa, hilo unalivua. Lakini kinachofunika mlango wa chumbani kiwe kigumu.

FundiTurubai (Mtwapa)

Mzee, kwa wimbi la namna hiyo mlango wa chumbani unafungwa kwa mbao zake, haungojewi doja. Ndiyo kazi ya mbao zile.

Nahodha_Mstaafu (Lamu)

Mbao zinafungwa na mtu aliyewahi. Si kila mtu huwahi.

RaskazoneTanga (Tanga)

Hapa mnaweza kubishana mpaka kaskazi ianze. Mlinzi, swali ni muda. Doja ngumu inayotengenezwa vizuri haitoki kwa wiki mbili, na ikitengenezwa haraka utakuwa na kitu kizito, kimepinda, kimefungwa kwenye sitaha kwa matundu mengi yatakayovuja. Mwenyewe anakuja lini?

MlinziWaMnarani (Kilifi)

Anakuja Januari, anataka kushuka na kaskazi kama ulivyosema, angoje masika Tanga.

RaskazoneTanga (Tanga)

Basi doja ya kitambaa sasa, atumie mpaka Tanga, aijue boti yake. Akiwa anangoja masika ataona mwenyewe kama anataka ngumu, na fremu ya kitambaa itampa umbo la kupimia.

Bint_Muscat (Muscat)

Na mvua je? Hakuna aliyeitaja na masika anaipitia nangani. Bimini la mita 4 za mraba likipata mvua ya milimita 25, hizo ni lita 100 za maji. Likishonwa na mdomo wa mpira kwenye kona ya chini na bomba la kwenda kwenye tangi, hanunui maji. Dakika za kwanza ayaachie yaoshe chumvi.

FundiTurubai (Mtwapa)

Dada, kwa Kilifi na Tanga ongeza kunguru. Ayaachie zaidi ya dakika za kwanza.

Lakini ni wazo zuri na ni kazi ndogo, nitaiweka nikifumua mishono. Kuhusu mvua ya nangani kuna kitu kingine. Huko kwao boti nangani hutazama upepo, mvua inakuja kutoka mbele, doja inatosha. Ndani ya mkono wa bahari kama Kilifi maji kupwa na kujaa yanaigeuza boti, unaweza kupata upepo na mvua kutoka nyuma moja kwa moja mpaka chumbani. Kwa hiyo kabla ya mapazia yoyote ya pembeni, nashauri kipande kimoja tu cha nyuma, cha kitambaa kisicho na plastiki, kinachoshuka kutoka ukingo wa nyuma wa bimini hadi kwenye uzio. Mchana kinazuia jua la jioni, usiku wa mvua kinaokoa vitanda.

Na nilisema nitarudi kwenye plastiki. Kwa doja, omba ya milimita 1 iliyokatwa kutoka karatasi bapa, si ile ya kuviringishwa kwenye roli, hiyo ya roli inapindisha picha na macho yanachoka. Iwe na ganda la kuzuia mikwaruzo. Kuisafisha ni maji matamu mengi kwanza, ndipo kitambaa laini. Ukipangusa chumvi kavu umepiga msasa. Dawa za vioo zenye amonia zisiikaribie. Na ashonewe kifuniko cha akriliki cha kuvaliwa juu ya dirisha boti ikiwa kwenye boya. Jua hupita utosini Kilifi mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, na boti imekaa tu haina mtu. Plastiki yake ya kwanza ilikufa hapo kwenye boya, haikufa baharini.

MlinziWaMnarani (Kilifi)

Haya, nimemwandikia hivi, na amekubali: bimini lishonwe upya kwa uzi wa PTFE, liwekewe mdomo wa maji na dirisha dogo la juu lenye kifuniko la kuonea tanga. Doja mpya ya akriliki, fremu ya bomba la milimita 22, stenlesi ya daraja la 316, yenye mshikio nyuma na dirisha la mbele la zipu. Nusu za zipu kwenye kingo zote mbili kwa ajili ya baadaye. Kipande cha nyuma, na mapazia mawili ya wavu. Chandarua cha nangani nitamtengenezea mwenyewe kwa turubai jepesi. Doja ngumu atazungumza na mafundi Tanga. Mapazia ya plastiki, Richards Bay.

Fundi, utakuja lini kupima?

FundiTurubai (Mtwapa)

Jumamosi maji yakiwa yamejaa, boti ikae sawa. Wewe una urefu gani ukilinganisha na mwenyewe?

MlinziWaMnarani (Kilifi)

Ananipita kichwa kizima.

FundiTurubai (Mtwapa)

Basi mwambie asimame pembeni ya mlango nyumbani kwake bila viatu, apime kutoka sakafuni hadi machoni na hadi utosini, kisha akae kwenye kiti kigumu apime tena machoni. Anitumie namba hizo tatu pamoja na urefu wa mke wake kama naye anashika usukani. Siku hiyo nitakuja na ufito na chaki. Wewe kabla sijafika toa matandiko yote kokipiti, funga tanga juu ya mti wake kama linavyofungwa siku zote, na uweke mkono wa winchi tayari. Mabomba usiyasafishe kwanza, nataka kuona madoa ya kutu yako wapi. Yakiwa kwenye maungio tu tutabadilisha maungio.